Maji Makali ya Murua

Wapo watakaosema nchi ya Murua haimo kwenye ramani. Sawa, haimo. Aliyefika huko ni Tabu binti Feruzi, mchora vibao wa Ng'ambo, Tabora, na Tabu si mwanamke wa kuongeza chumvi. Akikuambia ukuta una futi tisa, nenda kapime, utakuta tisa. Njia aliyopita tuiache, maana wasafiri wote huchoka kwa namna moja, na hakuna aliyewahi kunenepa kwa kusikiliza habari za miguu ya mwenzake.

Mpakani alikuta afisa aliyevaa kofia nyeupe, mpole kupita kiasi, akamwuliza jina. Akajibu, Tabu. Afisa akaweka kalamu chini, akatazama kushoto na kulia kama kuna aliyesikia. Kisha akamweleza kwa sauti ya chini kwamba jina la namna hiyo haliwezi kuingia nchini, labda lifanyiwe marekebisho. Tabu akamwambia kwao wamejaa kina Shida, kina Masumbuko na kina Sikujua, wala hakuna anayeona haya. Mama yake alishikwa na uchungu siku mbili mchana na usiku, na jina hili ndiyo shukrani aliyopewa. Afisa akasema hiyo ni hadithi nzuri sana, akainama, akaandika kitabuni: Bi Changamoto. Tabu alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akakasirika, kwa sababu jina lake analipenda, na hasira ile hajaimaliza mpaka leo.

Sasa nieleze sheria yao moja, maana bila sheria hii mtu hawezi kuielewa Murua. Miaka sitini nyuma palikuwa na njaa, mwaka ambao Wamurua wenyewe wanauita mwaka wa matumbo mepesi. Mtawala wa siku hizo, mtu msomi, alifikiri sana akaona kwamba jambo lisilo na jina halina pa kukaa. Basi akapitisha Sheria ya Ulimi Laini. Neno "baya" likafukuzwa nchini pamoja na ndugu zake wawili, "bovu" na "ovu". Atakayelitamka ataonywa. Atakayeliandika atatolewa nchini kabla jua halijatua, mikono mitupu, na alichokiandika kitasuguliwa kwa mchanga mpaka kipotee.

Badala ya neno hilo wakaunda Baraza la Mizani ya Maneno. Baraza lina maneno arobaini, na kila neno limepewa uzito wake, kuanzia "isiyozoeleka", ambalo ni jepesi, hadi "nzito", ambalo lilitumika mara moja tu, siku ikulu ya zamani ilipoungua. Mwenye jambo lake hulipeleka Barazani, likapimwa, likapewa neno. Neno likishaingia katika Kitabu kwa kauli ya Mwenyekiti, ni halali nchi nzima. Lisiloingia si halali. Ndivyo ilivyo, na Wamurua wanajivunia jambo hilo waziwazi, kwa kuwa ukifungua Kitabu chao kwa miaka sitini yote hukuti msiba hata mmoja.

Tabu aliyaona mwenyewe matunda yake. Sokoni alimkuta mwuza samaki akipunga nzi na kuwaita wateja waje wachukue samaki waliokomaa. Daraja lililoanguka mtoni lilikuwa na tangazo kwamba limejipumzisha. Mwanafunzi aliyepata sifuri alipewa cheti kwamba amefaulu kwa upande mwingine, na baba yake alikitundika sebuleni, akawaonyesha wageni. Hata wafu hawakuwa wafu, walikuwa wamepumzika mapema. Watu walikuwa na heshima, mitaa ilifagiliwa, na mtu akikukanyaga alikuomba radhi mara tatu. Tabu hakuwachukia hata kidogo. Ila kila akizungumza nao alihisi anatafuna wali wenye mchanga.

Maana Tabu, niseme wazi, ni mtu wa maringo katika jambo moja tu, nalo ni maneno. Amechora vibao miaka ishirini na sita. "Mbwa mkali" pekee ameandika hesabu isiyojulikana, na hakuna mwizi aliyewahi kusema hakuelewa. Atakuambia embe likioza ni bovu, habari za msiba ni mbaya, mtu anayemtesa yatima ni mwovu, na anayeyachanganya hayo matatu hakulelewa akaleleka. Lugha iliyompa mtu milango mitatu, husema, imemheshimu, basi naye apite mlango unaohusika. Akisema hivyo huinua kidevu, utadhani maneno hayo aliyatunga marehemu babu yake.

Alifikia Mtaa wa Chini, nyumbani kwa mjane aitwaye Bi Stara, mpika vitumbua. Bi Stara alimpokea kama mtoto wake, akampa chumba cha uani na kumlisha kabla hajaulizwa kama ana njaa. Ndani ya nyumba ile, mlango ukishafungwa, Tabu aligundua siri ya Murua. Maziwa yalipoharibika, Bi Stara aliyanusa, akakunja uso, akanong'ona: mabaya haya. Kisha akajiziba mdomo. Tabu akamwuliza, mama, kumbe neno mnalo? Bi Stara akamwambia wanawake wote wanalo, jikoni, kwa kunong'ona, na watoto hulisikia wangali mgongoni. Lakini hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza.

Wiki ya pili maradhi yakaingia. Juu ya mtaa kulikuwa na mashimo ya watengeneza ngozi, na maji yao yenye dawa yalikuwa yamepata njia ya chini kwa chini mpaka kwenye kisima cha mtaa. Watu wakaanza kushikwa na tumbo na kutapika. Mchora vibao wa nchi, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Stara, akapumzika mapema. Akafuata mama mmoja na wajukuu zake wawili. Kisha asubuhi moja Bi Stara hakuamka kuchoma vitumbua. Tabu alimkuta kitandani, midomo imekauka, mkono wake mwepesi. Mzee yule alikuwa mtu wake pekee katika nchi ile.

Akakimbilia Barazani. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Mheshimiwa Latifu, mzee wa miaka sabini, mwana wa yule mtawala aliyeitunga sheria. Alikaa chini ya picha ya baba yake, mgongo umenyooka, na alikuwa na fahari ya mtu anayelinda nyumba aliyoijenga mzazi. Tabu akaomba kitu kimoja tu: kisima kiwekwe kibao, watu wakachote mtoni. Mwenyekiti akamsikiliza vizuri, akasema ombi ni la haki na kibao kitawekwa. Na kwa kuwa mchora vibao wao hayupo tena, akamwomba Tabu ndiye akichore. Kilichobaki ni kuchagua neno.

Walichagua siku mbili. Tabu alikaa kwenye benchi la wageni, kopo la rangi miguuni, akisikiliza. Wakaanza na maji yasiyozoeleka, likapingwa kwamba litawatisha wageni. Wakaja na maji yenye changamoto. Mjumbe mmoja akalalamika kwamba changamoto zimekuwa nyingi mno mwaka huo, kuna ya daraja, kuna ya shule, na hata mgeni aliyekaa pale kwenye benchi ni mojawapo. Kijana mmoja mwenye haraka akapendekeza maji mazito. Baraza zima likaguna. Akaelezwa kwa upole kwamba neno hilo lilipewa ikulu, na kisima cha Mtaa wa Chini hakiwezi kukaa daraja moja na ikulu. Wakati wanayasema hayo, watu walikuwa wanachota.

Jioni ya pili akasimama mjumbe aliyewahi kutembea nchi za jirani. Akasema huko ameona kwenye mageti wameandika mbwa mkali, na watu hawasogei. Neno lina adabu, lina nguvu, na uzito wake ni wa katikati. Kwa nini yasiwe maji makali? Baraza likapiga makofi. Tabu akanyanyuka bila kuitwa. Akawaambia yeye ndiye mwandishi wa vibao hivyo, na anawaonya: mbwa akiwa mkali watu humkimbia, lakini maji yakiwa makali watu huyakimbilia. Wajumbe wakatazamana, kwa kuwa hawakuelewa. Nchi ile ulevi uliitwa furaha ya jioni, na wao walikuwa watu wa kunywa maziwa. Mwenyekiti akamjibu kwamba maoni ya mchoraji hayamo kwenye mizani.

Hapa ndipo Tabu anapoona haya mpaka leo, naye husema mwenyewe, hafichi. Alikichora. Alikuwa amechoka, Bi Stara alikuwa kitandani, na alijiambia kibao chochote ni afadhali kuliko ukuta mtupu. Tena, niseme ukweli wote, walikuwa wamemwita fundi mkuu, na sifa zilimlegeza. Akachora MAJI MAKALI kwa rangi nyekundu, herufi za kiganja kizima, nzuri kabisa. Akakitundika kisimani, akaenda kulala.

Asubuhi aliamshwa na vicheko. Alipotoka alikuta foleni kutoka kisimani mpaka kona ya msikiti. Walikuwa wanaume wa mitaa ya juu, mafundi, wapagazi, hata mwalimu mmoja, kila mmoja na dumu lake. Habari ilikuwa imeenea nchi nzima kwamba serikali imegundua kisima cha kinywaji na inakigawa bure. Walevi ndio watu pekee wa Murua waliokuwa na lugha yao wenyewe, na katika lugha hiyo maji makali yalikuwa na maana moja tu. Mbele ya foleni mtu wa makamo alikuwa ameshamaliza kikombe cha pili. Alikuwa anawasifia wenzake jinsi yanavyochoma. Kisha akajishika tumbo, akapiga magoti, na wenzake wakamshangilia kwamba yamempanda mapema.

Tabu alirudi ndani, akachukua kopo, brashi na mafuta ya taa. Akapanda kwenye ukingo wa kisima mbele ya watu wote, akafuta lile MAKALI mpaka likabaki doa. Watu wa mbele wakaanza kumzomea. Akachora polepole, kama anavyochora siku zote, hakutaka hata herufi moja ipinde. Akaandika MABAYA. Chini yake akaongeza: MSINYWE.

Kuzomea kukakatika. Naam, sikilizeni nguvu ya neno lililofichwa. Kila mtu pale alilijua tangu mgongoni kwa mama yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona mchana. Mwalimu akalisoma kwa midomo, bila sauti, dumu likamponyoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa amejitwika ndoo akaishusha, akaimwaga yote chini, akaanza kulia kwa sauti, kwa sababu watoto wake walikuwa wamekunywa jana na juzi na yeye ndiye aliyewachotea. Foleni ikavunjika. Wanne wakambeba yule aliyeanguka. Dakika chache baadaye hapakuwa na mtu kisimani ila Tabu na brashi yake, na askari wawili wapole waliokuja kumwomba awafuate.

Aliwafuata kichwa juu. Alijua adhabu yake, na kufukuzwa hakukumtisha, maana kwao kupo. Kilichomtisha ni mchanga. Jua likizama na hukumu ikiwa imetolewa, kibao kitasuguliwa, na kesho asubuhi kina mama watateremka na ndoo zao kama kawaida. Aliweza kuvumilia kila kitu isipokuwa hicho.

Lakini Murua ni Murua. Karani wa Baraza, Bwana Murshidi, mtu mzima mwenye miwani minene, alifungua Kitabu, akachovya kalamu, akauliza: kosa la mshitakiwa liitweje? Hakuna hukumu bila kosa kuandikwa, na hakuna kosa kuandikwa bila neno. Mjumbe mmoja akasema ni kitendo kisichozoeleka. Mwingine akasema hapana, kisichozoeleka si kosa, harusi ya wakwe zake nayo ilikuwa isiyozoeleka. Wakapima kitendo chenye changamoto, wakapima kitendo kikali, na hapo mtu mmoja akakohoa. Jua likazama bila neno. Mwenyekiti akaamuru kibao kisiguswe mpaka shauri liishe, kwa kuwa ni ushahidi.

Siku ya pili hawakupata neno. Siku ya tatu vilevile. Wajumbe walikuwa wanaanza kuelewa, na uso wa kila mmoja ulionyesha, kwamba ili kumwadhibu mwanamke huyu kwa kuandika neno lile, walilihitaji neno lilelile, na hawakuwa na jingine. Tabu alikaa kwenye benchi amekunja mikono. Hakufurahi, kwa sababu hakujua habari za nyumbani, na kila mlango ulipofunguliwa aliogopa anakuja mtu wa kumwambia kwamba Bi Stara naye amepumzika.

Siku ya nne asubuhi mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Stara mwenyewe. Alikuwa amekonda, khanga imemzunguka mara mbili, anashika ukuta. Tabu machozi yakamtoka waziwazi. Bi Stara hakumtazama. Alikwenda mpaka mbele ya Mwenyekiti, akainama kwa heshima, akaomba kusema.

"Mheshimiwa, siku tatu sijayanywa maji yale, na leo nimekuja kwa miguu yangu. Mtaani kwetu hakuna aliyezikwa tangu kibao kiwekwe. Nasikia mnatafuta neno la kosa la mwanangu huyu. Nitajieni na mimi nilijue, maana ndilo lililoniponya."

Mheshimiwa Latifu alimtazama yule mjane kwa muda mrefu. Msije mkadhani alikuwa mtu mpumbavu. Alikuwa na miaka kumi mwaka ule wa njaa, na alikuwa na dada mdogo. Baba yake aliporudi kutoka makaburini hakusema lolote, alijifungia chumbani, akatoka na sheria. Mwana alikuwa ameilinda sheria hiyo maisha yake yote kwa fahari, akiamini analinda hekima, na labda siku hiyo ndipo alipotambua kwamba alikuwa akilinda kilio cha baba yake. Hakugeuka kuitazama picha. Alinyoosha mgongo zaidi.

"Maji yale ni mabaya," akasema.

Hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya mwenyekiti, sauti inayopitisha mambo, na wajumbe wawili wakasimama bila kujua kwa nini wamesimama. Bwana Murshidi alibaki na kalamu hewani. Alijua, kama walivyojua wote, kwamba likiingia Kitabuni kwa kauli hiyo neno limerudi nchini, na kibao hakina kosa, na mwenye kibao hana kosa, na kuanzia hapo kila kitu kilichopita katika miaka sitini kitataka kusomwa upya.

"Niandike, Mheshimiwa?"

"Andika."

Karani akainama juu ya ukurasa. Akakaa hivyo. Wino ukadondoka, ukafanya doa dogo pembeni. Mwishowe akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona aibu.

"Nimelisikia jikoni kwa mama tangu nikiwa mtoto," akasema. "Sijapata kuliona. Linaandikwaje?"

Wajumbe wakageuka mmoja mmoja kumtazama mwanamke wa kwenye benchi. Tabu akafuta machozi kwa ncha ya ushungi, akanyanyuka, akanyoosha gauni lake lenye madoa ya rangi, akatembea mpaka kwenye meza bila haraka. Alisimama nyuma ya bega la karani, akamtajia herufi moja baada ya nyingine, kidevu juu, na karani akaziweka chini kama alivyoambiwa. Karani alipofika ya mwisho, herufi ikaanza kupinda. Tabu akainamia Kitabu, akatazama.

"Kaza mkono hapo, kaka," akamwambia. "Lisomeke."